Notisi kwa Mpangaji Anayedaiwa



Katika nyumba ya kupanga hakuna neno linalobadilisha nyuso za watu upesi kama neno "notisi". Likitamkwa uani asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, wapangaji wa vyumba vingine huinamisha vichwa wakajifanya wanafua. Jioni habari imekwisha kuvuka Mtaa wa Msimbazi na kufika Gerezani, tena imeongezwa chumvi: fulani amefukuzwa. Kumbe fulani hajafukuzwa. Amepewa karatasi tu, na huenda karatasi yenyewe haina nguvu yoyote ya kisheria, kwa sababu aliyeiandika hakujua aandike nini, na aliyeipokea hakujua atafute nini ndani yake.

Mazungumzo haya yanahusu karatasi hiyo. Yanamhusu mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu au minne, na mpangaji ambaye kila akisikia hatua za mwenye nyumba ukumbini huzima taa.

Hapana budi kuanza na desturi ambayo haijafa katika mitaa ya Kariakoo. Mwenye nyumba amechoka kudai. Badala ya kuandika, anaita vijana wawili na fundi. Wanang'oa mlango, au wanakata umeme, au wanasubiri mpangaji aende kazini kisha wanatia kufuli lao juu ya kufuli lake. Penye ukatili zaidi kitanda, magodoro na masufuria hutolewa barazani, watoto wakirudi shuleni wanakuta vyombo vyao vimekuwa maonyesho ya mtaa mzima. Wapo wanaolisifu tendo hilo kuwa ni ujasiri. La hasha! Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za nchi, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kuingia kwa nguvu katika ardhi au jengo kwa nia ya kulitwaa, na haimsaidii mkosaji kusema kwamba alikuwa na haki ya kuingia. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekuwa mdai Jumatatu huweza kuwa mshtakiwa Jumanne, naye mpangaji aliyekuwa mdaiwa akapata ghafla madai ya televisheni iliyovunjika na fedha anazosema zilikuwa chini ya godoro. Nani atakanusha? Chumba kilifunguliwa bila yeye kuwapo.

Lakini pia si haki kumchora kila mwenye nyumba kuwa ni kabaila mwenye kitambi anayeishi kwa jasho la wengine. Picha hiyo ina historia yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuwaongoza wanyonge huku akiishi kwa kodi zao. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilikwenda mbali zaidi: kwa Sheria ya Kutwaa Majumba, majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi Shs. 100,000/= yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ghorofa nyingi za katikati ya jiji la Dar es Salaam, na baadhi ya zile za pembezoni mwa Kariakoo, zilibadilisha mwenyewe kwa siku moja. Msajili huyo aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Na mwaka 1991, kwa maamuzi ya Zanzibar, Chama kililegeza sharti la viongozi kutokuwa na nyumba za kupangisha.

Sasa angalia ni nyumba zipi hazikuguswa mwaka 1971. Ni zile za Kiswahili, za vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Thamani yake haikufika kiwango. Zilikuwa mali ya makuli wa bandari, mafundi, akina mama waliouza vitumbua na maandazi wakanunua bati moja moja. Wengi wa watu hao walikuwa ndio uti wa mgongo wa TANU tangu ilipoasisiwa Julai 7, 1954 katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwenye nyumba wa namna hiyo hupangisha vyumba vitano na kulala katika cha sita. Akifa anamwachia mjane, mjane naye anawaachia watoto wanane, na kodi ya chumba kimoja ndiyo dawa ya shinikizo la damu ya bibi. Kumwita mtu huyo mnyonyaji kwa sababu anadai kodi yake ni kutumia neno zito mahali pasipo pake. Wapo wanyonyaji katika biashara ya nyumba za Kariakoo, nao watatajwa baadaye, lakini mara nyingi si wao wenye kuandika notisi kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la mtoto.

Tangu siku za mkoloni nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Baada ya Uhuru ikatungwa nyingine mwaka 1962, na ile iliyokumbukwa zaidi na watu wa mjini ikatungwa mwaka 1984, Sheria Namba 17 ya mwaka huo. Chini yake palikuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa, na mpangaji hakuweza kutolewa ila kwa amri na kwa sababu zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kutolipa kodi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Wenye kuitetea hatua hiyo walisema kwamba kodi iliyofungwa kwa amri iliwafanya wenye nyumba waache kukarabati, na kwamba bei ya kweli ya chumba ilikuwa ikilipwa mlango wa nyuma kwa jina la kilemba. Hayo yalikuwa na ukweli. Hata hivyo kilemba hakikufa pamoja na sheria, bali kimenenepa. Kilichokufa ni ile hisia ya mpangaji wa kawaida kwamba ipo ofisi inayoitwa Baraza la Nyumba, ambako angeweza kwenda na karatasi yake akasomewa. Hadi leo wako wazee wanaozungumza habari za "baraza la nyumba" kana kwamba lingali palepale, na vijana wanaoamini kwamba, kwa kuwa lile la zamani halipo, basi hakuna sheria kabisa na mwenye nyumba ni mfalme. Wote wamekosea.

Sheria inayotawala upangaji leo ni Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001. Imeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na sehemu yake inayohusu upangaji ni ndefu, lakini kwa mdaiwa wa chumba au fremu ina njia mbili ambazo watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ya upangaji usio na muda uliotajwa. Huu ndio upangaji wa nyumba nyingi za Kariakoo: mtu alikuja na godoro, akakubaliana kwa mdomo, akakaa miaka tisa. Sheria haimdharau mtu huyo. Inasema kwamba, kama muda haukutajwa wala haikusemwa notisi iweje, upangaji huhesabiwa kwa kipimo cha malipo. Anayelipa kwa wiki ni mpangaji wa wiki hadi wiki. Anayelipa kwa mwezi ni wa mwezi hadi mwezi. Upande wowote unaweza kuumaliza kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo iishie siku ambayo kodi hulipwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaponza wengi. Tuseme kodi hulipwa tarehe 1 ya kila mwezi, na notisi imetolewa Machi 10. Mwenye nyumba mwenye haraka ataandika "uhame ifikapo Machi 17". Siku saba hizo hazina mama wala baba katika sheria, ingawa zinapendwa sana, pengine kwa sababu ya magazeti kuandika habari za mashirika makubwa kuwapa wadaiwa sugu siku saba. Mwenye subira kidogo ataandika Aprili 10, akidhani mwezi mmoja umetimia. Umetimia, lakini Aprili 10 si siku ya kodi. Tarehe 1 ya kwanza inayokuja baada ya mwezi mzima kutimia ni Mei 1, nayo ndiyo tarehe ya notisi hiyo. Notisi iliyoandikwa Aprili 10 mpangaji mjuzi ataikunja, ataitia mfukoni, atangoje kuionyesha mbele ya baraza.

Njia ya pili ni ya mkataba wenye muda, mathalani mwaka mmoja au miwili, ambao mpangaji ameuvunja kwa kutolipa. Hapa mwenye nyumba anataka kuukata mkataba kabla ya siku zake. Sheria inataka kodi iwe imekaa bila kulipwa kwa siku zisizopungua 30, kisha itolewe notisi ya maandishi ya kusudio la kuumaliza mkataba, ikitaja deni na kumpa mpangaji nafasi ya kulilipa. Akilipa ndani ya nafasi hiyo, sababu ya notisi imekwisha. Asipolipa, bado anaweza kwenda katika chombo cha sheria kuomba apewe nafuu, na chombo hicho huangalia mwenendo wa pande zote mbili. Mwenye nyumba anayetumia njia ya kwanza si lazima aeleze kwa nini. Anayetumia njia ya pili lazima athibitishe deni. Ndiyo maana kabla ya kuandika chochote yafaa kujua mtu amesimama katika njia ipi.

Na deni lenyewe ni kiasi gani? Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na hapa yafaa kukaa kidogo.

Chukua mfano wa mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, na mpangaji wake fundi cherehani wa chumba cha pili kushoto. Kodi ni Shs. 100,000/= kwa mwezi. Januari, Februari na Machi hazijalipwa. Mjane anasema anadai Shs. 300,000/=, na kwa hesabu ya vidole hakukosea. Lakini fundi anakumbuka kwamba Februari alimpa mjukuu wa mjane Shs. 40,000/= za kumpelekea bibi, bila stakabadhi. Anakumbuka tena kwamba bomba la uani lilipopasuka mjane alimwambia atafute fundi bomba, "tutahesabiana", naye akalipa Shs. 25,000/=. Halafu kuna umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa Shs. 1,000/= kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikafika Shs. 1,500/=. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ikiwa fundi ndiye anayenunua umeme wa mita ya nyumba, basi kwa mwaka mmoja amemlipia mjane Shs. 18,000/=. Ukiyatoa yote hayo deni linabaki Shs. 217,000/=.

Tofauti ya Shs. 83,000/= si ndogo kwa fundi cherehani, wala si ndogo kwa mjane. Zaidi ya hapo, notisi inayodai 300,000 humpa mdaiwa wa 217,000 kisingizio cha kutolipa hata senti. Atasema amesingiziwa, na katika sehemu ya deni atakuwa anasema kweli. Mjane atasema fundi ni mwizi, na katika sehemu ya deni naye atakuwa anasema kweli. Wataishi katika ukumbi mmoja bila kusalimiana kwa sababu ya hesabu ambayo ingekwisha kwa robo saa ya kukaa chini na daftari.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza isiwe notisi. Iwe hesabu. Mwenye nyumba aandike miezi inayodaiwa, kiasi cha kila mwezi, malipo yaliyopokelewa, na makato yanayokubalika. Ampe mpangaji siku chache za kuikagua. Zipo nyumba ambazo mambo hukomea hapo. Mpangaji hulipa nusu, huahidi nusu kwa tarehe maalum, wote wawili wakatia sahihi, na neno notisi halitamkwi.

Yasipokomea hapo, ndipo iandikwe notisi. Haihitaji Kiingereza, haihitaji mhuri wa kutisha, wala haihitaji maneno kama "vinginevyo utajuta". Maneno kama haya yanatosha: "Kwa mpangaji wa chumba cha pili kushoto. Kodi ya chumba hicho ni Shs. 100,000/= kwa mwezi, hulipwa tarehe 1. Kwa hesabu tuliyopeana Machi 3 unadaiwa Shs. 217,000/=. Kwa barua hii unapewa notisi ya kumaliza upangaji wako. Upangaji utakwisha Mei 1, na siku hiyo utakabidhi chumba na ufunguo. Kama utalipa deni lote kabla ya Aprili 15, mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza juu ya kuendelea. Machi 10." Halafu majina kamili, sahihi, namba ya nyumba na mtaa. Mwenye kutumia njia ya pili ataongeza namba ya ibara ya mkataba iliyovunjwa.

Sentensi ya kuzungumza si ya lazima kwa anayefuata njia ya kwanza. Imewekwa kwa sababu mpangaji wa zamani anayelipa kwa kuchelewa mara nyingi ni bora kuliko mgeni ambaye dalali amemleta kwa mbwembwe, akalipa miezi sita ya mwanzo, kisha asionekane tena kulipa.

Notisi haina maana mpaka imfikie mwenyewe. Kuisukuma chini ya mlango usiku ni kujitafutia ubishi. Iandikwe nakala mbili. Moja akabidhiwe mpangaji, ya pili atie sahihi ya kupokea na tarehe. Akikataa kutia sahihi, kama wengi wanavyokataa kwa kudhani kwamba sahihi ni kukiri deni, mashahidi wawili waandike kwamba alipewa akakataa. Katika miaka ya 1960 na iliyofuata shahidi wa kawaida alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye alijua nani amelala na njaa na nani amenunua redio mpya. Mjumbe yupo hata leo, lakini tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 yeye ni kiongozi wa Chama. Mpangaji asiye mwanachama anaweza kusema kwamba shahidi huyo si wake. Ni busara basi kwamba karatasi ipitie ofisi ya Serikali ya Mtaa, ambayo ni ya wote. Mjumbe abaki na kazi yake ya usuluhishi, ambayo anaifanya vizuri kuliko mtu yeyote mwenye mhuri.

Mpangaji naye akitoa fedha baada ya notisi, stakabadhi iseme waziwazi kwamba ni malipo ya deni la nyuma. Mwenye nyumba anayepokea fedha na kuandika tu "kodi" amejiundia fumbo, kwa maana mpangaji atauliza: ukinipokea kodi ya mwezi huu, unanifukuzaje mwezi huu?

Hayo yote ni ya chumba cha kulala. Ukitoka katika nyumba ya vyumba sita ukaingia katika fremu za biashara za Mtaa wa Congo, Aggrey au Likoma, unakutana na wanyama wa porini wenye majina mengine. Hapa kodi huombwa miezi sita au mwaka mzima mbele, na dalali huchukua chake kabla milango haijafunguliwa. Mfanyabiashara mdogo hukusanya fedha za ndugu zake wote ili apate fremu, akabaki na mtaji wa kununua mashati machache. Mwaka wa pili ukifika, soko limelegea, mwaka mzima unadaiwa kwa mkupuo. Huyu hakuchelewa kodi ya mwezi mmoja. Amechelewa kodi ya miezi 12 kwa siku moja, na hesabu ya deni lake inamtisha kila anayeisikia. Utaratibu huo wa kulipa mbele, ambao ulianza kama kinga ya mwenye nyumba dhidi ya madeni, ndio unaozalisha madeni makubwa. Wenye fremu wangetafakari kama malipo ya miezi mitatu mitatu yasingewapa fedha za uhakika zaidi.

Kisha kuna kilemba. Mtu analipa mamilioni kwa mpangaji anayetoka, si kwa mwenye nyumba, ili apishwe. Mwenye nyumba huenda hajui, au anajua na kufumba macho. Siku mpangaji mpya anapodaiwa kodi na kupewa notisi, hawezi kuondoka kwa amani hata kama biashara imekufa, kwa sababu kilemba chake kimezikwa pale sakafuni. Atang'ang'ania, atakwenda mahakamani, atakwenda kwa waganga. Na mkataba wake hautaji kilemba hata kwa neno moja. Atakayetoa fedha ya namna hiyo ajue kwamba anaitoa baharini.

Wanyonyaji waliotajwa mwanzoni wanapatikana katika tabaka hili la katikati. Ni wale wanaokodi fremu kwa bei nafuu, hasa katika majengo ya umma, kisha wanaigawa kwa mbao vipande vinne na kuwapangisha wengine kwa bei ambayo mwenye jengo hajawahi kuiota. Zamani wangeitwa walanguzi, na neno hilo halijachakaa. Wanapokea kodi kutoka kwa wanne lakini hawamlipi mmoja. Notisi inapotoka huwa na jina la mlanguzi, ambaye hayupo, na wanaotolewa nje ni wale wanne waliolipa kila mwezi. Mwenye jengo anayetaka haki aandike notisi kwa jina lililo katika mkataba na nakala ampe kila anayekutwa ndani. Na anayepangishwa kipande aombe kwanza kuuona mkataba wa anayempangisha.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliitaka NHC iwaondoe wadaiwa sugu bila kuziacha taasisi za Serikali. Wengi walishangilia. Mpangaji wa chumba kimoja alifarijika kusikia kwamba ofisi yenye viyoyozi nayo inaweza kudaiwa pango. Lakini shirika lina wanasheria na madalali wake, mjane wa Mtaa wa Mchikichi ana karatasi ya daftari, na kwa hiyo mfano wa shirika hauwezi kuigwa kwa pupa.

Kodi nyingine inayoleta ugomvi katika fremu ni ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato. Mwenye jengo aliyezoea Shs. 1,000,000/= akipokea 900,000 huandika kwamba anadai laki moja. Kama mpangaji kweli ameiwasilisha na ana hati, hakuna deni hapo. Kama ameikata akaitia mfukoni, huyo anadaiwa na wawili. Halafu mkataba wenyewe: usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe, na wengi huligundua jambo hilo siku ya kesi, wakili wa upande wa pili akiwa ameinua kidole.

Itakuwaje biashara ikiharibiwa na jambo ambalo mpangaji hakulifanya? Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika Kariakoo hiyohiyo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Sheria ya Ardhi haikusahau maafa ya namna hiyo. Jengo likiharibiwa kwa moto, mafuriko au ajali isiyo ya uzembe wa mpangaji, wajibu wa kodi husimama au hupungua kwa kadiri ya uharibifu, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Mpangaji asome mkataba wake kabla hajakubali kwamba anadaiwa kodi ya miezi ambayo hapakuwa na paa.

Siku ya notisi ikifika na mtu hajatoka, kisheria njia ipo ingawa si fupi. Shauri hupelekwa kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halikati tena mashauri ya ardhi na nyumba bali hupatanisha, nalo limepewa siku 30. Likishindwa hutoa hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, na mwenye shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko huulizwa mambo machache sana: mkataba uko wapi, deni ni kiasi gani, notisi ilitolewa lini, nani aliiona ikitolewa. Aliyeandika vizuri Machi hatapata taabu Juni. Amri ikitoka hutekelezwa na dalali aliyeidhinishwa, mchana, kwa orodha ya vitu, wala si vijana wawili na fundi.

Mpangaji anayejua kwamba hawezi kulipa asijifiche. Kuzima taa hakujapunguza deni la mtu yeyote. Aende yeye mwenyewe, achukue na mtu mzima wa kumsindikiza, aseme: "Mama, siwezi kulipa zote, naweza hizi kila Jumamosi." Wenye nyumba wengi wa mitaa hii waliwahi kupanga, au wazazi wao walipanga, na lugha hiyo wanaielewa. Kama hawezi hata hizo za Jumamosi, basi aombe muda wa kutafuta pengine, na amri ya kuhama isimkute ana watoto katikati ya mitihani.

Siku ya kuhama ikifika, chumba kikaguliwe na wote wawili kikiwa kitupu. Kilichovunjika kiandikwe, rangi iliyochakaa kwa miaka haihesabiwi kuwa uharibifu. Kama mpangaji aliweka amana, itolewe deni, na baki arudishiwe palepale. Asiye na gari la kuhamia aachiwe vyombo vyake hadi kesho, maana mkokoteni wa Kariakoo haupatikani jioni, na vyombo hivyo visizuiliwe kuwa rehani ya deni bila amri. Ufunguo upokelewe mbele ya mashahidi walewale walioiona notisi ikitolewa, na iandikwe stakabadhi ya mwisho inayosema ni kiasi gani kimebaki na kitalipwa lini.